Maji ya Nikolao

Mdogo wangu Nikolao alifia kwenye kisima cha nyumba yake, hapa Kitangari. Aliteleza akichota. Sisi tulidhani amekwenda Masasi, na mfuniko tulioukuta wazi tukasema amesahau. Siku tatu tulichota humo, tukapikia, tukanywa. Siku ya nne akaibuka.

Ni kisima cha kuvunia mvua, kimejengwa chini ya ardhi, kinapokea maji ya bati zima. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyechota. Oktoba watu wanalala foleni bombani, na pale kimejaa hadi shingoni.

Mimi ndiye niliyeiuza nyumba ile. Mnunuzi alikuwa Mwalimu Claudia, mtu wa Bukoba, mjane mwenye watoto wawili. Alifunua mfuniko, akacheka peke yake.

"Baba Rose, nyumba yenye maji namna hii mnaiuza kwa nini?"

"Mwenyewe amefariki."

"Poleni. Aliugua?"

"Ilikuwa ghafla tu."

"Kuna jambo lingine napaswa kujua?"

Nikamwambia bati la jikoni linavuja. Hilo lilikuwa kweli.

Jirani yetu Bwanali, aliyeitwa kuwa shahidi, alitia saini bila kuniangalia. Tulipotoka akaniuliza, "Utamwambia lini?"

"Wewe una mdomo, mwambie."

"Aliyekufa ni ndugu yako. Mimi nitaonekana mchawi."

Mwalimu alihamia Jumamosi. Jumapili alfajiri nikasikia hodi. Alikuwa mlangoni na ndoo kichwani, imejaa.

"Shikamoo Baba Rose. Nimeona ndoo zenu tupu. Jirani mwenye maji hawezi kukaa akiwaangalia tu."

"Marahaba," nikasema. Nikaipokea.

Mke wangu alimsindikiza mwalimu hadi njiani. Kisha akaibeba ile ndoo nyuma ya choo na kuimwaga, yeye ambaye huoshea vyombo maji aliyonawia.

"Na watoto wake?" akaniuliza. "Wao wanakunywa nini?"



Kesho yake mwalimu alileta nyingine. Na keshokutwa. Tulikuwa tunamwaga kila siku. Majani yakaota nyuma ya choo, mabichi, katikati ya kiangazi ambacho hata mikorosho ilikuwa imefifia. Watu wakipita njia wanayatazama, kisha wanautazama mlango wangu.

Alhamisi ya wiki ya tatu alikuja mchana. Hakubisha hodi. Nilimkuta amesimama kwenye yale majani, kandambili zimelowa, ndoo bado kichwani.

"Mtoto wangu mdogo anaharisha tangu juzi," alisema. "Nilikwenda dukani kununua sukari ya kumchanganyia na chumvi. Muuza duka akaniuliza natumia maji ya wapi. Nilipomjibu akanyamaza. Bwanali alikuwepo, naye akainamia viatu vyake."

Akaishusha ndoo taratibu, akachota kikombe, akaninyooshea kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake.

"Siwezi kumuuliza mtu mwingine. Kunywa, Baba Rose. Ukinywa nitarudi kwangu, nimpe mtoto, na nitakuomba radhi mbele ya mkeo."

Mke wangu alikuwa ametoka jikoni. Bwanali alikuwa amesimama njiani. Hakuna aliyenisaidia.

Nilikipokea kikombe. Maji yalikuwa safi, hayana hata unyasi. Nikayaangalia muda mrefu, mpaka mwalimu akaanza kukimbia kuelekea kwa watoto wake.