Fahali Aliyechinjiwa Mrusi

Bi Takiya binti Naji hakuwa na ugomvi na Wamarekani. Hata mmoja hakuwahi kumwona kwa macho. Ugomvi wake ulikuwa na vigingi vyao.

Vilikuwa vigingi vya mbao vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani. Vilitoka upande wa Taizi vimejipanga kama watu waendao maziko, na vilipofika chini ya mlima, badala ya kupanda kipito cha Nakil Hamra kama punda wote wenye akili walivyopanda tangu dunia iumbwe, vikakata kona vikashika bonde. Mkahawa wa Bi Takiya ulikuwa juu, pale kipitoni. Barabara ya magari ikipita bondeni, nani atapanda mlima kufuata kikombe cha kahawa ya maganda? Mbuzi, labda, na mbuzi hawanunui.

Mkahawa huo ulikuwa wa mama yake, na kabla ya hapo wa bibi yake. Humo Takiya alizaliwa, humo aliolewa, humo alifiwa na mume, na hata ndani ya eda aliendelea kuchemsha kahawa, maana wasafiri wenye kiu hawana habari za msiba wa mtu.

Siku hizo Yemeni yote ilikuwa kama mjane mwenye shamba zuri. Mrusi alikuwa akimjengea bandari kule Hodeida, Mchina akimchongea barabara ya kwenda Sanaa, na Mmarekani, aliposikia hayo, akashikwa na wivu akaja na barabara yake ya Taizi. Na kila mchumba alimkodolea macho mchumba mwenzake kuliko alivyomtazama bibi harusi. Takiya, aliyewahi kuposwa na wanaume watatu kabla machozi ya msiba hayajakauka, aliielewa siasa hiyo bila kusomewa.

"Nitamchinjia fahali huyo bwana wa vigingi," alimwambia kaka yake, Mukbil.

Mukbil alikuwa na shavu limevimba mirungi. Karibu aimeze. "Fahali yupi?"

"Kwani ninao wangapi?"

"Takiya, yule ndiye anayelima!"

"Barabara ikienda bondeni nitamlimia nani? Nitamuuzia nani mkate?"

Mukbil akahamishia mirungi shavu la pili. Kwa kabila lao, mtu akikuchinjia mnyama miguuni pako, huwezi kuiruka damu ukaenda zako. Ama umtimizie haja yake, ama uketi chini mzungumze mpaka mfikie neno. Na aliyechinja haonji hata kipande cha nyama. Ndiyo maana watu hawachinji ovyo.

"Lakini yule ni Mmarekani," Mukbil alisema mwishowe. "Atajua wapi mambo ya damu?"

"Asiyejua atafundishwa. Wewe noa jambia, mafunzo niachie mimi."

Mpishi wa kambi ya Wamarekani, aliyezoea kununua mayai kwake, alikuwa amemwambia kuwa bwana mkubwa wao atapita kipitoni Alhamisi asubuhi kutazama nchi kutoka juu. Atamjuaje? Rahisi, alisema mpishi: mtu mwekundu usoni, kofia pana, suruali, gari lisilo na paa.

Alhamisi kijiji kizima kilisimama kando ya njia kama kinangoja maharusi. Fahali, masikini, alikuwa amesuguliwa mpaka anang'aa. Jua halijapanda sana, gari lisilo na paa likaonekana linakwea kwa mikoromo, moshi unafuka mbele. Ndani yake mtu mwekundu usoni. Kofia pana. Suruali.

"Sasa!" Bi Takiya alisema.

"Bismillahi, Allahu akbar!" Mukbil akasema, na fahali akaanguka mbele ya magurudumu.

Mtu mwekundu aliruka kutoka garini mikono juu, kama aliyetekwa. Wanawake wakapiga vigelegele. Bi Takiya akasogea mbele akasema yale aliyoyafanyia mazoezi kwa siku kadhaa: "Tumekuchinjia, ewe bwana wa barabara. Damu yetu iko miguuni pako. Lete njia yako mlangoni kwetu."

Dereva, mtu wa Hodeida aitwaye Dabwani, alimtazama fahali, akamtazama Bi Takiya, kisha akajishika kichwa.

"Mama yangu, njia gani tena? Huyu ni Mrusi! Ni fundi wa bandari. Tunakwenda zetu Taizi, injini imechemka, tulikuja kuomba maji!"

Nzi pekee ndio waliofurahi.

"Mrusi?" Mukbil alisema, jambia bado linachuruzika. "Wale waliorusha mbwa mbinguni?"

"Hao hao."

"Mbwa wamemfikisha mbinguni, na kilima hiki kimewashinda?"

Watu wakaangua kicheko, lakini Bi Takiya hakucheka. Fahali alikuwa mmoja tu, na sasa alikuwa amelala chini kwa ajili ya mtu asiyemiliki hata kigingi kimoja.

Mrusi, jina lake Arkadi, aliuliza kulikoni, na Dabwani akamweleza kwa kirefu, akionyesha damu, mkahawa na vigingi kule chini. Arkadi akavua kofia. Hapo ndipo Bi Takiya alipomwona vizuri: mtu wa makamo, mikono mipana yenye makovu, macho ya mtu aliyewahi kulala njaa. Akasema neno fupi.

"Anasema," Dabwani alitafsiri, "ng'ombe wa mjane hafi bure. Lakini barabara si yake. Akimwomba yule Mmarekani aisogeze juu, Mmarekani ataizamisha chini zaidi kwa makusudi."

Bi Takiya aliwakumbuka wale wachumba zake watatu. Wa kwanza hakuwa na haraka yoyote, mpaka alipomkuta wa pili amekaa barazani.

"Mwambie asiombe kitu," alisema. "Akae barazani, anywe kahawa, atazame mlima wangu. Autazame kweli kweli, kama anautaka."

Ndivyo Mmarekani alivyowakuta alipowasili: gari la Kirusi limeegeshwa mlangoni, kijiji kimejaa, na Mrusi anatembea kwenye kipito anapiga mawe teke, anachuchumaa, anafumba jicho moja kupima mteremko. Mmarekani huyo, Mista Haskel, alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye bomba la mafuta la Arabuni, na Kiarabu chake kilikuwa kama kokoto mdomoni, lakini kilisikika.

"Yule anafanya nini hapa?"

"Mgeni wetu," Bi Takiya alisema. "Tumemchinjia. Karibu, baba, kahawa iko moto."

"Mmemchinjia kwa sababu gani?"

"Barabara."

Hakuongeza neno, wala hakudanganya. Mista Haskel alitazama damu. Alikuwa amekaa na Waarabu vya kutosha kuijua maana yake. Uso wake, uliokuwa mwekundu tangu mwanzo, ukazidi.

Wakaketi sinia moja, maana mkahawa huo haukuwa na sinia la Warusi na jingine la Wamarekani. Chungu cha mchuzi kikaja kinatokota, povu la uwatu juu. Wakachovya mikate, kila mmoja kwa upande wake, bila kutazamana.

"Mama," Mista Haskel alisema, "barabara ni hesabu. Huku juu kuna mwamba. Bondeni hakuna."

Dabwani akamnong'oneza Arkadi. Arkadi akatafuna taratibu, akameza, akasema.

"Anasema mwamba wenyewe laini," Dabwani alitafsiri. "Anasema kwao wangeupasua kabla ya chakula cha mchana."

Mista Haskel akauweka mkate chini. "Kwao! Mwambie sisi tungeupasua kabla ya chai ya asubuhi!"

"Basi pasueni," Bi Takiya alisema hapo hapo. "Chai nachemsha mimi."

Baraza zima likalipuka. Mukbil alipiga paja mpaka mirungi ikamtoka. Arkadi, hata kabla ya kutafsiriwa, alianza kutabasamu. Mista Haskel aligeuka akautazama mwamba, safari hii kwa jicho la kazi, akanung'unika mambo ya baruti na mteremko. Kisha, taratibu, kama jino linavyong'olewa, akacheka naye.

"Inawezekana," alisema. "Si rahisi, lakini inawezekana."

"Umesema mbele ya watu," Bi Takiya alisema. "Kwetu mtu akitoa neno huacha jambia lake liwe dhamana. Wewe huna jambia."

"Sina."

"Una kofia."

Kofia ikatundikwa ukutani siku hiyo hiyo. Arkadi, kabla ya kuondoka, alimtuma Dabwani aulize kama damu bado inamdai. Bi Takiya akamwambia hapana, amekwisha kulipa kwa mdomo, na nyama yote ni yake. Arkadi akasema igawiwe mafukara, na ikagawiwa, na mafukara wa Nakil Hamra wakawaombea dua Warusi, jambo ambalo sidhani kama liliwahi kuandikwa Mosko.

Vigingi vilihama kabla ya mvua. Mista Haskel alikuja kuchukua kofia yake akiwa amebabuka utosi, akanywa chai kama alivyoahidiwa. Kisha baruti zikaanza, kuku wakakataa kutaga, na Mukbil akalima kwa fahali wa kukopa huku akilalamika kila mtaro. Bi Takiya aliwapikia wapasua mwamba wote, bila kupata nafasi ya kutoka jikoni kutazama kazi inaelekea wapi, na hakuna siku aliyolala na mkate uliobaki.

Asubuhi lori la kwanza lilipopita alikuwa jikoni. Alisikia honi, lakini ilitoka upande usiotarajiwa, nyuma ya nyumba, kwenye zizi. Akatoka mbio akazunguka. Barabara ilikuwa imefika, pana, nzuri, imepita mgongoni mwa mkahawa wake, na dereva alikuwa amesimama anautazama ukuta mtupu.

"Mama," aliuliza, "hapa mtu anaingilia wapi?"

Bi Takiya alicheka mpaka akashika mbavu.

"Subiri, mwanangu, zima gari," alisema. "Mukbil! We Mukbil! Lete nyundo!"