Komeo la Mfaume

Kilwa Kivinje nzima ilimjua Mfaume kwa makomeo yake. Ukiusukuma mlango aliouchonga yeye, komeo linaanguka lenyewe, basi, umefungwa. Dada yake Kidawa alipoolewa, zawadi yake ilikuwa mlango wa namna hiyo.

Shamba la mkonge karibu na Mchinga lilipoletewa mtambo wa umeme, Mzungu alimwita akafunge swichi ukutani. Ilikuwa kisu cha shaba chenye mpini wa mbao: kikikaa kwenye meno yake umeme unapita, kikitoka unakatika. Mzungu akamwonyesha, bawaba chini, meno juu. Alipoondoka, Mfaume alicheka moyoni. Huyu hajui komeo, kisu cha kupandisha juu kitakaaje? Akaigeuza, bawaba juu, kisu kikashuka na kutulia vizuri mno. Mzungu aliporudi alitazama taa tu.

Nyaya zilitunzwa na mume wa Kidawa, Likwata, mtu wa Kipatimu aliyepita katika risasi za Maji Maji akatoka mzima. Jumatatu moja asubuhi aliinua kisu, umeme ukakatika, akaenda kufunga waya uliochubuka. Mtambo ukanguruma, ukuta ukatetemeka, na kisu kikaanguka chenyewe. Likwata hakuwahi hata kupiga kelele.

Msimamizi alisema marehemu alisahau kuzima. Mfaume aliusikia uongo huo akanyamaza, maana viboko ishirini na tano alishaviona vikipigwa. Kesho yake akaigeuza swichi kama alivyoagizwa mwanzo. Alisifiwa kwa kazi nzuri, naye akajichukia.

Akaenda kumtazama Kidawa, aliyekuwa edani.

"Kaka, watu wanasema mume wangu alijiua kwa uzembe," Kidawa alisema. "Likwata huyu, aliyekuwa akirudi mara mbili kutazama kama banda la kuku limefungwa?"

Mfaume angeweza kusema ni kazi ya Mungu, akaenda zake.

"Hakusahau, dada. Alizima. Swichi niliifunga mimi, nikaiweka juu chini kwa kujifanya najua."



"Waambie hivyo na watu wa Kipatimu," Kidawa alisema. "Uwaambie wewe."

"Nitawaambia."

"Haya. Nenda."

Mfaume akatoka. Nyuma yake mlango ulisukumwa polepole, na komeo likaanguka lenyewe.