Gari la Bibi Harusi

Jumamosi, saa tatu asubuhi, nilikuwa Kinoo kwenye kituo cha kujioshea gari, suruali nimeikunja hadi magotini, nasugua rimu moja kwa mara ya nne. Ilikuwa imetakata tangu mara ya kwanza. Lakini Muthangari kulikuwa na bibi harusi amevaa shela, anangoja gari hilihili, nami nilitaka angoje mpaka achelewe harusi yake.

Aliyekuwa akimwoa ni Quincy, mwanamume niliyekaa naye miaka sita nikingoja anipeleke kwao. Aliniacha kwa ujumbe wa simu, mistari miwili. Kisha juzi kakake, Lazarus, akanipigia bila haya: msafara umekosa gari jeupe la bibi harusi, na langu ni jeupe. "Si yaliyopita yamepita, Kavindu?" Nikamwambia yamepita kabisa, nitalileta mwenyewe. Nilijua pasta wao hana mchezo. Bibi harusi asipokuwa mlangoni mwa kanisa saa nne kamili, harusi inaahirishwa, kwa sababu kuna nyingine inayofuata.

Lazarus akapiga tena. "Uko wapi? Watu wameanza kuongea huku."

"Bado naosha."

"Si ungeosha jana?"

"Ingeshika vumbi," nikasema, nikakata simu. Nikalipaka gari povu upya, kuanzia paa hadi chini. Sioni haya kusema: nilifurahi. Dawa ya moto ni moto.

Simu ikalia tena, namba ngeni.

"Haloo, siste. Ni Debra, bibi harusi. Wewe ndio dereva wa Quincy?"

"Dereva wa nani?"

"Quincy. Aliniambia kuna mama humuoshea gari yake. Pole kukusumbua, lakini mum ameanza kulia. Hata kama iko chafu kidogo, leta tu. Si amesema tukitoka honeymoon utaniachia key nikuwe naenda nayo job?"

Nililiegemea gari, povu likanilowesha mgongo mzima. Gari langu! Nililinunua kwa kushona sare za shule hadi vidole vikafa ganzi, na logbook ina jina langu. Ila kumwoshea nilimwoshea, hilo hakusema uongo. Kila Jumamosi kwa miaka sita, yeye amelala, ili kesho yake aliendeshe hadi kanisani watu wamwone bwana mkubwa. Na huyu Debra, kwa sauti yake ya upole, hakujua lolote. Nilikuwa namwadhibu mtu asiye na hatia.

"Naja sasa hivi," nikamwambia. "Lakini utaketi mbele, kando yangu. Hao wasimamizi wako waingie gari ingine."

"Mbele? Si bibi harusi hukaa nyuma?"

"Leo kaa mbele, mrembo. Tuongee."

Nikachukua mpira wa presha nikasuuza povu lote, nikapangusa vioo, nikafunga utepe kwenye boneti. Gari lilimeremeta. Kutoka Muthangari hadi kanisani ni dakika kumi na tano, na miaka sita inaweza kusimuliwa kwa dakika kumi. Sikutaka tena achelewe. Nilitaka afike mapema, ashuke mbele ya wageni wote, Quincy amesimama pale na suti yake mpya akitabasamu, na Debra anajua kila kitu.