Herufi ya Nane

Kidole cha Maman Précieuse kilianzia kwenye M, kikashuka bondeni mwake na kupanda tena, kikateremka I kwa mwendo mmoja, kikaizunguka G bila haraka, kikaendelea hivyo hadi E ya mwisho. Hakikusimama popote. Aliyesimama, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, ni Nassoro, fundi aliyelichonga jiwe lile la kaburi. Wakati kidole kikitembea yeye alikuwa akihesabu, na hesabu yake iliishia saba. Jina la binti aliyelala pale, Mignonne, lina herufi nane.

Karatasi yenye jina ilikuwa mfukoni mwake tangu siku ya kwanza, nayo iliandikwa sawasawa. Lakini mkono una mazoea yake. Nassoro alizaliwa Kondoa, akafunzwa kusoma kwa lugha inayoandikwa kama inavyosikika, na alasiri ya kazi ile karakanani, mvua ya Brussels ikigonga vioo vya paa, mkono wake ulilichonga jina kama sikio lilivyolipokea. N moja ilimeza nyingine.

"Ni muzuri sana, papa Nassoro," alisema Maman Précieuse, akifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Sasa mutoto yangu iko na nyumba."

Nassoro alifungua kinywa. Padri naye akafungua kitabu, watu wakainamisha vichwa, na neno lililokuwa limefika ulimini likarudi lilikotoka. Ndivyo kimya kilivyoanza, na kilidumu miaka mitatu. Kama kuna mtu mwingine aliyeona, hakusema.

Mama huyo wa Bukavu ndiye aliyeomba jina la bintiye lichongwe kwa patasi. Mashine hakuitaka, alisema anataka muntu. Baada ya siku ile Nassoro alizifunga patasi zake katika kitambaa na kuzisukuma nyuma kabisa ya droo. Akahamia kwenye mashine ya kupuliza mchanga, ambayo hufuata kiolezo cha mpira kilichokatwa na kompyuta na haijui kusahau. Bosi wake alifurahi kuona kazi inakwenda mbio. Nassoro mwenyewe alijiona karani wa kupiga mihuri.

Mama huyo aliishi mitaa miwili tu kutoka kwake, huko Schaerbeek. Kila mwaka, tarehe aliyofariki Mignonne, Maman Précieuse aliwaalika chai yeye na mkewe Zulekha, naye alikwenda, kwa kuwa kukataa kungekuwa sawa na kusema. Alikaa chini ya picha ya msichana wa miaka ishirini na miwili aliyecheka huku amefumba jicho moja kwa ajili ya jua. Alikula maandazi, akasikia mkono wake ukisifiwa mbele ya wageni, na kila tonge lilishuka kama kokoto.

Jumatano mchana, alipokuwa hana kazi, alipanda tramu hadi kwenye jumba la makumbusho lililo ndani ya bustani kubwa karibu na Etterbeek. Humo mna chumba cha kaburi la Misri ya kale, kililetwa jiwe kwa jiwe kikasimamishwa upya. Nassoro aliingia, akasimama katikati ya kuta zile zilizojaa ng'ombe, bata na watu waliobeba vikapu, na mtu yeyote angedhani anastaajabia uzuri. Alichokuwa akitafuta ni kosa. Angepata mstari mmoja tu uliopinda, ishara moja iliyorukwa na fundi aliyekufa zaidi ya miaka elfu nne iliyopita, labda angelala usingizi. Hakupata. Hakujua kusoma maandishi yale, na asiyesoma hawezi kujua kilichokosekana.

"Baba Nusura," Zulekha alimwambia jioni moja akivua viatu vya kazi. Alikuwa ametoka zamu hospitalini, upande wa Woluwe. "Jumatano zote uko kwa Wamisri wako. Kama wamekuita, si uende kwao?"

"Kwenda Misri?"

"Si watu wanaenda? Mimi leave yangu ni mpaka Februari, na Nusura ana mitihani. Nenda peke yako. Ukirudi bado una sura hiyo, nakupeleka kwa daktari mimi mwenyewe. Serious."

Nassoro alitaka kumweleza palepale. Badala yake akauliza kama huko Novemba kuna baridi.

*

Alifikia katika nyumba ndogo ya wageni upande wa magharibi wa mto, mkabala na mji wa Luxor, ambako mashamba ya miwa yanakoma ghafla na jangwa linaanza bila hata kichaka cha kuagana. Siku tatu za kwanza alitembea kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi wake haujakamilika. Asubuhi vilima vilikuwa na rangi ya mkate uliotoka tanurini; ifikapo adhuhuri vilipauka hadi vikapoteza kimo, na mtu akivitazama asingejua viko mbali au viko mbele ya pua yake. Hakujiunga na kundi lolote. Alinunua maji, akafuata njia za vumbi, akashuka katika makaburi moja baada ya jingine.

Alizoea kwamba chini ni kwenye ubaridi. Huku ilikuwa kinyume: kila ngazi iliongeza joto, na hewa ilikuwa nzito na tulivu kama pumzi ya mtu aliyelala. Juu ya dari nyota za manjano zilijipanga katika anga la buluu ambalo halijawahi kupambazuka. Wafalme walishikana mikono na miungu wenye vichwa vya ndege, bila haraka, kana kwamba wamesimama kidogo tu kumpisha yeye apite. Kuna wakati alipata hisia kwamba hakuja kuwazuru wafu. Wao ndio waliomjia, wakisubiri aseme shida yake.

Kaburi moja lilimzuia. Mfalme wake alikufa kabla mafundi hawajamaliza, wakaweka vyombo chini wakaondoka, na ukuta ukabaki na hatua zote za kazi: miraba ya kupimia iliyopigwa kwa wino mwekundu, juu yake watu waliochorwa kwa wekundu uleule, kisha mistari myeusi ya fundi mkuu akisahihisha hapa bega, pale pua. Mbele kidogo patasi ilikuwa imeanza kuchimba, ikaishia kiunoni mwa mtu. Wekundu ule Nassoro aliujua. Ulikuwa wekundu wa michoro ya kwenye miamba ya Kolo, karibu na kwao, ambayo bibi yake alimkataza kuuliza ilichorwa na nani. Alikaa juu ya ubao wa kupitia watalii. Bila kuutuma, mkono wake wa kulia uliinuka na kuanza kuifuata mistari hewani. Ulikuwa haujafanya hivyo kwa miaka mitatu.

Siku ya nne aliingia katika hekalu lenye nguzo nene kuliko nyumba za kwao. Juu ya jukwaa la mbao alikaa mwanamke wa makamo aliyejifunga kitambaa puani, akisafisha ukuta kwa brashi ndogo. Alimwona Nassoro akisimama muda mrefu mno mbele ya mfalme mmoja.

"Umeona nini?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Miguu," Nassoro alijibu kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. "Ana visigino vinne."

Mwanamke alicheka, akashusha kitambaa. Aliitwa Hanaa, na kazi yake ilikuwa kuhifadhi michoro. Alimweleza kwamba mchongaji wa kwanza alimsogeza mfalme mbele mno. Mkuu wake alikataa. Wakaziba kwa plasta, wakachonga upya, wakapaka rangi.

"Ikapendeza. Hakuna aliyejua."

"Halafu?"

"Halafu plasta ikaanguka." Aliuelekezea ukuta brashi yake. "*Ghalat.*"

Neno lile Nassoro hakuhitaji kutafsiriwa. Mwalimu wake wa chuo cha Kurani, Kondoa, alilitamka kila mtoto alipokosea kusoma, na fimbo ikafuata.

"Watalii hawaangalii miguu," Hanaa alisema. "Wewe unafanya kazi gani?"

"Ninaandika majina ya marehemu. Kwenye mawe."

Akashuka jukwaani, akafuta kiganja kwenye suruali, akampa mkono kama wanavyopeana watu wa kazi moja. Hapo ndipo Nassoro alipolisema. Alimwambia mgeni, katika kivuli cha nguzo, jambo ambalo hakumwambia mkewe, na halikuchukua hata muda wa kumaliza kikombe cha chai. Alipomaliza alisubiri kuliwazwa. Alitarajia kuambiwa kwamba herufi ni kitu kidogo, kwamba miaka ni mingi na mchanga hufunika yote.

"Makosa ya hapa yananipa mkate wangu," Hanaa alisema baada ya kufikiri, "kwa sababu waliohusika wamekufa wote. Lako lina mwenyewe. Mama yake yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi huku unatafuta nini?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayemwarifu abiria kwamba kituo chake kimepita. Kisha akapandisha kitambaa puani na kurudi jukwaani.

Mchana ule Nassoro alisinzia chini ya mtende kando ya mfereji. Aliota ukuta mrefu usio na mwisho, na Mignonne akitembea ndani ya ukuta, ubavu mbele kama watu wa kale, nyayo zake zikiacha alama mbilimbili. Hakuwa na hasira. Kila baada ya hatua chache aligeuza uso, amefumba jicho moja, kuangalia kama Nassoro bado anamfuata.

*

Jumamosi aliyorudi hakupitia nyumbani. Aliburuta sanduku lake hadi kwa Maman Précieuse, akapanda ghorofa tatu.

"Papa Nassoro! Ulisharudi? Bon, ingia, ingia. Zulekha alisema ulienda kutembelea wafu ya Misri pekee yako, sawa muntu asiyeoa bibi!"

Hakuketi. "Maman Précieuse, jina la Mignonne nililikosea kwenye jiwe. Niliacha N moja. Niliona siku ileile ya kuliweka, nikanyamaza."

Birika lilikuwa likichemka. Mama alilizima, akabaki ameupa mgongo mlango wa jikoni. Midomo yake ilicheza ikizihesabu herufi za jina, vidole vikikunjuka kimoja kimoja, kisha akavuta kiti.

"Siku ileile?"

"Siku ileile, mama."

"Donc trois ans, miaka tatu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Trois ans unakuja hapa, unakula, unakunywa chai yangu, picha yake inakuangalia pale juu. Miye ninasifu mukono yako mbele ya watu. Na weye unajua."

"Nilijua."

"Lettre, herufi moja, inaweza kupotea, papa. Muntu anachoka. Njo vile kazi iko. Lakini juu ya nini uliniacha pekee yangu na uongo?"

Nassoro akatoa ahadi: angechonga jiwe jipya, zuri kuliko lile, kwa mikono yake. Maman Précieuse aliinua kiganja kumzuia.

"Toka, papa. Leo, toka."

Nyumbani alimweleza Zulekha kila kitu. Alisikiliza bila kumkatiza, akiwa amesahau chumvi mkononi. "Kwa hiyo ndizo Jumatano zile," alisema mwishowe, akarudi kwenye sufuria. Ila usiku alipolala alimwekea mkono begani, jambo lililomliza.

Zilipita siku tisa. Ya kumi simu ikalia.

"Kesho, dix heures, saa ine ya asubuhi, kule makaburini," sauti ya Maman Précieuse ilisema. "Leta vyombo vyako. Vile vya mukono."

Alimkuta ameshafika, ameketi juu ya kiti cha kukunja, koti limefungwa hadi shingoni. Jiwe la kijivu lilikuwa na umande.

"Jiwe jipya sitaki," alianza kabla hajasalimiwa. "Hii imelala naye trois ans, imeshamujua. Tafuta nafasi, uweke ile lettre."

"Nafasi haipo, mama. Itabidi ikae juu, kati ya N na E, tena ndogo. Itaonekana. Kila mtu atajua iliongezwa baadaye."

"Wajue."

Nassoro alipiga magoti, akafungua kitambaa. Mapigo ya kwanza yalikuwa ya woga, patasi ikirukaruka. Kisha mlio ukatulia ukawa mmoja, na katika mlio ule Maman Précieuse akaanza kuzungumza. Miaka yote mitatu alizungumzia ugonjwa na siku za mwisho. Leo alizungumzia msichana. Kwamba asubuhi haamki mpaka avuliwe blanketi. Kwamba aliiba wigi za mama yake akazirudisha zimekatwa. Kwamba alitaka kusomea udaktari wa wanyama, na mbwa akibweka anapanda juu ya meza.

"Juu ya meza?"

"Nakuambia, papa! Muntu muzima, vingt ans, miaka makumi mbili!"

Nassoro alicheka hadi akalazimika kusimamisha nyundo. Herufi isiyozidi ukucha wa kidole gumba ilimchukua karibu saa mbili. Ilipokamilika Maman Précieuse aliinama, akaupuliza unga wa jiwe taratibu, kama mtu anayempuliza mtoto jicho lililoingia mchanga. Hakusema ni nzuri. Alirudi kwenye kiti, akamimina chai ya chupa katika vifuniko viwili, akampa kimoja.

Walikunywa. Huko nje ya ukuta tramu ilipita ikilia kwenye kona.

"Baba yake hana kaburi," alisema ghafla. "Tulikimbia, mutoto akiwa mu mugongo yangu. Yeye alibaki nyuma, akasema anakuja. Mpaka leo sijui ni wapi." Aliangalia sehemu tupu chini ya tarehe. "Pale kuna nafasi. Unaweza kuandika muntu asiyekuwa chini yake?"

Nassoro aliweka kifuniko kwenye nyasi. Penseli ilikuwa sikioni mwake, naye akaiacha hapohapo.

"Aliitwa nani?"

"Désiré." Kisha akavuta pumzi, na kwa sauti ya mtu anayemshika mwenzake mkono kwenye ngazi za giza akaanza kulitaja herufi moja moja, na alama zake za juu, halafu jina la ukoo, polepole, bila kuruka kitu.

Nassoro alisikiliza hadi ya mwisho, akamwomba arudie.