Gunia la Wakaguzi

Jua lilikuwa linazama, Fidelia anasonga ugali, na binti yake aliyezaliwa mfu ameketi kwenye gogo kando ya mafiga, analamba chumvi. Hufika kila jioni moshi unapoanza kupenya paa. Alizaliwa kimya, akazikwa, kisha akaendelea kukua kama watoto wengine, ila moshi haumtoi machozi.

Mlangoni mama mkwe, Elina, alikuwa anachambua maharage. Rovu la shingoni mwake lilikuwa kubwa kama parachichi, na kwa baridi ya Njombe alilinunulia skafu yake, mbali na ile ya kichwani.

"Huyu mjukuu wangu na chumvi, mbuzi ana afadhali," alisema.

"Hebu toa ulimi," Fidelia alimwambia mtoto.

Ulimi ulikuwa mweupe.

Muuguzi wa kliniki aliwahi kuwaeleza: chumvi yenye madini joto ukiidondoshea dawa hugeuka zambarau. Isiyo nayo hubaki nyeupe, na ndiyo inayoleta marovu na kuharibu mimba. Dawa ya kupimia ilikwisha zamani. Mtoto hakwisha. Kwa mchungaji, aliyeletewa chumvi na bintiye kutoka Dar, mtoto alilamba na ulimi wake ukageuka zambarau papo hapo.

Fidelia alikuwa na mimba nyingine, na tumbo lilishaanza kuonekana. Asubuhi aliwasha moto mapema ili binti yake afike, wakadandia lori la viazi kwenda Makambako. Utingo alisema marehemu hakai kiti, apakatwe.

Dukani kwa Remmy, muuza chumvi, mtoto alilamba gunia moja baada ya jingine, ulimi mweupe.

"Kamwene, dada," alisema Remmy. "Mwanao anaonja tu, hanunui?"

"Alishafariki."

"Pole sana. Ila mate ni mate."

Nyuma ya pazia kulikuwa na gunia la mwisho. Mtoto alilamba, akageuka, akatoa ulimi. Zambarau tupu.

"Hilo siuzi," alisema Remmy. "Hilo la wakaguzi. Nikiliuza, watapima nini?"

Fidelia alishika tumbo. "Kaka yangu, na huyu naye akakae kwenye gogo?"

Remmy alilitazama tumbo, akamtazama mtoto, akachota kopo moja. "Usimwambie mtu. Na usirudi."

Nyumbani Fidelia aliiweka chumvi kwenye bakuli, akaenda kuchuma mboga. Aliporudi, Elina alikuwa anakung'uta mikono. Chumvi ya mawe huoshwa. Ndivyo alivyofundishwa na mama mkwe wake, naye na wake.

"Nimekuoshea mara mbili, mwanangu. Ilijaa mchanga, na wewe hali yako hiyo si ya kutafuna mchanga."

Mlangoni udongo ulikuwa unamalizia kunywa maji ya chumvi, pamoja na madini yake.

"Asante, mama," alisema Fidelia, maana mama mkwe haambiwi kakosea, tena akikosea kwa wema. Akaichota ile chumvi, akaitia kwenye mboga.

Saa hiyohiyo, Makambako, wakaguzi walikuwa wanapima gunia la nyuma ya pazia, na kila kitu kilikuwa sawa.

Moshi ulipopenya paa mtoto alifika, akalamba bakuli, akatoa ulimi bila kuambiwa. Mweupe. Kisha akasogea kwenye gogo, akapangusa majivu kwa kiganja, akaacha nafasi ya mtu mmoja mdogo.