Plagi ya Silinda ya Tatu

Plagi ilikatika Jumanne, na siku nzima ya Jumatano Fundi hakusema na mtu. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa amefungua injini za watu na hakuna iliyomshinda. Sasa hii ya nyumbani kwake, ya pikapu iliyolala uani chini ya turubai, ilimwachia kichwa cha plagi ndani ya spana na kiwiliwili chake ndani ya silinda ya tatu. Mkono wake wa kulia, uliopigwa na kiharusi mwaka uliopita, ulitetemeka akiutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Alhamisi asubuhi binti yake aliomba ruhusa kazini. Aliuza dawa, na kwa sababu hiyo baba yake alimwita Daktari, nusu kwa fahari, nusu kwa utani.

"Leo mimi ni mkono wako," alimwambia. "Wewe uwe mdomo."

"Mdomo ninao. Ndio uliobaki mzima."

Pikapu ilikuwa ya kaka yake Daktari. Yeye na baba yao waliinunua ikiwa gofu, wakaifufua kidogo kidogo, Jumapili baada ya Jumapili. Wiki ileile waliyoimaliza, homa ilimchukua kaka kwa siku nne tu. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Tangu hapo hakuna aliyeiwasha. Mama alivumilia miaka miwili, kisha mwezi huu akasema lake: Jumamosi watakuja watu wa vyuma chakavu, waikate hapohapo uani waondoke nayo, isipokuwa kama itatoka getini ikitembea yenyewe.

"Sina ugomvi na chuma mimi," alisema. "Lakini upepo ukiinua lile turubai, nasikia mtu anafungua boneti. Nimechoka kugeuka."

Fundi hakubishana. Alichotaka ni kimoja: itoke ikinguruma, aipeleke kwa mdogo wake shambani, isikatwe vipande mbele ya macho yake. Betri alishapata, mafuta mapya alishatia. Plagi tatu kuukuu zilitoka, kila moja ikilia kama mlango wa ghala. Ya mwisho, ya silinda ya tatu, ndiyo ikavunjika.

Daktari aliinama juu ya injini. Alfajiri walikuwa wamenyunyizia tena mafuta ya kulegeza kutu, na harufu yake ilimwingia mpaka kooni. Baba yake alimpa chuma kifupi cha kuchomolea, chenye meno yaliyojipinda kuelekea kushoto, akampakia grisi kwenye ncha ili unga wa chuma unase humo, usidondokee ndani.

"Gonga. Taratibu. Usipige kama unaua nge. Gonga kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe."

Aligonga. Chuma kikauma.

"Sasa zungusha kushoto. Kidogo. Ikigoma, irudishe kulia, halafu uombe tena. Ishawishi, usiilazimishe. Si ndivyo mnavyowapa watoto dawa?"

"Watoto tunawabana pua, baba."

Fundi alicheka, na Daktari akashtuka kidogo kusikia kicheko hicho. Hakukumbuka mara ya mwisho alikisikia lini. Akaendelea, kushoto kidogo, kulia kidogo, mafuta, kushoto tena. Jasho lilimtiririka mgongoni. Saa nzima ilipita hivyo na plagi haijasogea hata upana wa ukucha.

"Hivi nani aliifunga namna hii?" aliuliza, bila kuwaza.

Baba yake alikuwa amegeukia ukuta.

Kila mtu aliyepita gereji ya Fundi aliijua sheria yake. Plagi huingizwa kwa vidole mpaka ikae, halafu robo mzunguko wa spana, basi. Ukizidisha, unaibia kesho. Hata Daktari, ambaye hakuwahi kushika spana mpaka siku hiyo, aliijua kama anavyojua jina lake.

Adhuhuri plagi ilizunguka. Ilitoa mlio mwembamba, ikakubali, ikazunguka tena, na Daktari akasikia moyo unampanda. Kisha akaona kilichokuwa kinatoka nayo: uzi wa madini meupe, laini, umejiviringisha kama ganda la chungwa. Hesi za tundu lenyewe, ile mikato inayoishika plagi, zilikuwa zimeng'oka pamoja nayo.

Fundi alichukua tochi kwa mkono wa kushoto, akachungulia muda mrefu.

"Ona hapa. Ufa."

Ulikuwa mwembamba kama unywele, kutoka mdomo wa tundu kwenda ndani, na kingo zake zilishaingia weusi wa miaka.

"Hauwezi kuchomelewa?"

"Hapo, hapana. Na kichwa cha injini hii hakitengenezwi tena viwandani." Alikaa juu ya tairi. Aliigeuzageuza plagi ile kiganjani. "Kaka yako alichomeka bomba kwenye spana kuongeza nguvu. Akaning'inia."

"Alisahau, baba. Alikuwa na haraka."

"Hakusahau. Mwanzoni alipokuja gereji, plagi aliyoifunga ililegea, ikaruka gari la watu likiwa njiani. Mwenye gari akarudi anafoka. Mimi, mbele ya mafundi wote, nikamshika kijana mkono, nikauinua juu. Nikasema, jamani, tazameni, mkono wa uji huu." Akaifumbata plagi ile. "Wakacheka sana. Likawa jina lake."

Daktari alilijua jina hilo. Hakujua lilizaliwa wapi.

"Tangu siku ile hakuna kitu chake kilicholegea," Fundi alisema. "Na mimi nikadhani nimemfundisha."

Aliinuka, akaenda jikoni bila kunawa. Daktari alimfuata, akaishia mlangoni. Mama alikuwa anachambua mchele. Fundi aliiweka plagi mezani, akamweleza mkewe yote, la gereji na la ufa, bila kujipunguzia chochote. Alipomaliza alisema, "Mwiba wa kujichoma."

Mama hakuinua macho. Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe.

"Alikuwa anakaa hapo," alisema, akionyesha kigoda kwa kidevu. "Kila jioni. Anafunga chupa zangu za jamu, anafungua, anafunga. Alizofunga yeye nilikuwa naenda nazo kwa jirani nikafunguliwe. Nikamuuliza, mwanangu, vifuniko vimekukosea nini? Akasema, nataka baba asipate cha kusema."

"Hukuniambia."

"Niliona vizuri. Mtoto kutaka kumpendeza baba yake, nani angeona ubaya hapo?" Sasa alisita, na ungo ukatulia mapajani. "Nilikuwa namcheka na mimi, baba watoto. Nilimcheka vilevile."

Fundi aliichukua tena plagi mezani.

"Jumamosi waje," Fundi alisema mwishowe. "Lakini wasiikate. Nitaifungua mwenyewe, wachukue vipande."

"Kwa mkono upi?"

"Wa Daktari."

Ijumaa walianza mapema. Binti alifungua, baba akaelekeza, na saa tatu hivi Mama akatoka na beseni, akageuza ndoo, akakalia. Kwa miaka miwili hakuwa amelisogelea gari lile. Walimpa nati na bolti, akazipokea. Haikupita muda wakagundua kwamba walihitaji tu kusikiliza spana. Nyingine zilifunguka kwa mkono mmoja.

"Hii yangu," Fundi alisema.

Nyingine zilidai bomba, mafuta, na uzito wote wa Daktari.

"Hii yake."

Mama hakuzitia hizo kwenye beseni. Alizipangusa kwa upindo wa nguo yake, akaziweka mapajani, na kufikia alasiri mapaja yalikuwa yamejaa na hawezi kuinuka.

Milango ilitoka, tangi likatoka, injini ikashushwa kwa mnyororo. Ilibaki bolti moja, ya kiti cha dereva. Daktari alichomeka bomba, akaning'inia mpaka miguu ikaacha ardhi. Haikutikisika. Akanyoosha mkono kuchukua kopo la mafuta.

"Hiyo yake. Iache," Fundi alisema.

"Wataikata, baba."

"Waikate wao."