Mishumaa Tisa ya Mwalimu Dombrowski

Mwaka ule aliofariki Naomi, Hanuka, sikukuu ya taa ya Wayahudi, ilikuja mapema, ikapita nyumbani kwa mama yake bila taa. Bi Mindel alikitoa kinara cha shaba kabatini, akakipangusa vumbi, akakiweka mezani. Akakitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyekuja siku mbaya. Kisha akakirudisha. Usiku wa pili hakukitoa kabisa. Liora, mjukuu wake wa miaka tisa, mtoto wa Naomi, hakuuliza neno. Hilo ndilo lililomkata bibi maini, maana mtoto anayeuliza utampa jibu hata la uongo, lakini asiyeuliza utampa nini?

Walikuwa wamebaki wawili tu, ghorofani juu ya duka la viatu lililofungwa, katika mji mdogo wa Ohio ambao zamani ulikuwa na sinagogi na sasa una duka la mazulia lenye madirisha ya sinagogi. Shule ya serikali aliyosoma Liora ilikuwa na watoto wa kila namna, na Myahudi alikuwa yeye peke yake.

Enzi za uhai wake, Naomi hakuliacha jambo hilo lilale. Kila Desemba, watoto walipoanza kuning'iniza vitu vya kumetameta madarasani, aliomba ruhusa kazini akaenda shuleni na mishumaa, beseni la viazi vilivyokunwa, kikaango na chupa ya mafuta. Alikaanga maandazi ya viazi nyuma ya darasa huku akisimulia habari za mafuta ya siku moja yaliyowaka siku nane, akawafundisha watoto kuchezesha pia, kile kichezeo cha kuzungusha. Alirudi nyumbani nywele zikinuka vitunguu.

"Umeshatoka ubalozini?" mama yake alikuwa akimtania. "Kila mwaka unajieleza kama mtu aliyekamatwa na polisi."

"Mama, bora nijieleze mwenyewe kuliko nielezwe na asiyenijua."

Machi moyo wake ukasimama akiwa anafunga viatu. Alikuwa na miaka thelathini na nane.

Basi ilipofika Desemba, Liora alirudi kutoka shuleni siku moja, akavua buti zake mlangoni, akasema bila kumtazama bibi yake, "Mwalimu Dombrowski amesema mwaka huu sherehe ya majira ya baridi itakuwa ya wote. Kila mtu atapanda jukwaani na sikukuu yake. Zayd ataleta Idi, Anjali ataleta Divali. Mimi nitawasha Hanuka."

"Hanuka imeshapita, kipenzi."

"Najua imepita."

Alisema taratibu, wala hakukusudia kumchoma mtu. Bi Mindel akaligeukia sinki.

"Ukiwasha nje ya siku zake huo ni mshumaa tu," akasema. "Huwezi kusoma baraka. Ukisoma umelitaja jina la Mungu bure."

"Sitasoma. Nataka kuwasha tu, Bibi."

Bi Mindel akaelewa. Mtoto alikuwa anakwenda kuomba kwa jirani kile alichonyimwa nyumbani. Angesema nini?

"Haya," akasema. "Kawashe."

Mwalimu Dombrowski alipiga simu mara mbili wiki ile. Bi Mindel alisimama na kitambaa mkononi, akikausha sahani iliyokwisha kukauka, akaisikiliza ile sauti ikijirekodi kwenye mashine ya simu: "Bi Mindel, samahani kukusumbua. Nina swali dogo kuhusu mishumaa. Unajua siku zote alikuwa Naomi ndiye..." Hapo sauti ilikatiza, ikaaga. Bi Mindel hakupokea wala hakurudisha. Moyoni alisema, wakitaka kujua si wasome? Tumejieleza vya kutosha katika nyumba hii, na aliyekuwa akieleza tumemzika.

Sherehe ilikuwa Alhamisi mchana. Ukumbi ulijaa makoti na harufu ya sufu mbichi. Kwenye kona ulisimama ule mti wa kila mwaka, na nyota ile ile juu, ila sasa ulitundikwa kibao: MTI WA URAFIKI.

Kando ya Bi Mindel aliketi Bwana Nasri, baba yake Zayd, mwenye karakana ya magari, sinia la biskuti za tende mapajani.

"Nimeambiwa nilete Idi," akamnong'oneza. "Nikawaambia Idi yenyewe bado, mpaka machipuo. Wakasema, lete chochote tu. Sasa nimeleta biskuti."

"Si haba."

"Hebu hesabu, Mama. Divali imepita, Hanuka imepita, Idi haijafika. Mwenye sikukuu humu ndani ni mmoja tu, na huyo wanatuambia hayumo, ni mti wa urafiki."

Bi Mindel akacheka kwa mara ya kwanza tangu sijui lini, hata mwanamke wa mbele akageuka.

Watoto wakaimba nyimbo za kengele na farasi. Anjali akapita na vitaa vya udongo vyenye balbu za betri. Zayd akatangaza, "Idi ni siku ya kula!" akapigiwa makofi kuliko wote. Kisha Mwalimu Dombrowski, mwanamke mrefu mwenye sweta la kijani, akashika kipaza sauti.

"Sasa ni Hanuka, ambayo tulifundishwa na rafiki yetu Naomi, tuliyempoteza mwaka huu." Akaelekeza mkono kando. "Tunamshukuru Bwana Purnell wa zimamoto, aliyeturuhusu moto wa kweli, alimradi mishumaa iwe ndani ya bilauri."

Bwana Purnell, mzee mnene, akainua mkono kando ya jukwaa, miguuni mwake ndoo nyekundu ya mchanga. Pazia dogo likavutwa.

Juu ya meza palikuwa na mishumaa tisa, kila mmoja ndani ya bilauri yake fupi, umefungwa utepe wa buluu. Wa katikati umeinuliwa juu ya kisanduku kilichovikwa karatasi ya fedha. Mwalimu alikuwa amekumbuka kuwa huwa tisa, na kwamba mmoja, ule wa kuwashia minane mingine, hukaa juu ya wenziwe. Kwenye kila bilauri palikuwa na karatasi ya herufi za Kiebrania, nazo kweli zilipendeza.

Bi Mindel alidhani macho yanamdanganya. Akavaa miwani. Hayakuwa yakimdanganya. Ile haikuwa mishumaa ya Hanuka. Ilikuwa mishumaa ya wafu. Dukani huwekwa rafu moja na vitu vingine vya Kiyahudi, karibu na supu za kopo, na asiyejua atadhani ni taa ya furaha. Ni ile inayowashwa kumkumbuka marehemu, ikaachwa iwake mchana na usiku mpaka iishe yenyewe. Mmoja namna hiyo uliwaka jikoni kwao Machi, walipoketi chini kumwomboleza Naomi.

"Mungu wangu," akasema.

"Nini, Mama?" akauliza Bwana Nasri.

Alitaka kusimama, akachelewa. Liora alikuwa tayari amepanda, gauni lake la buluu limepigwa pasi, kiwashio kirefu mkononi. Akaufikia mshumaa wa kwanza. Akainama. Mama yake alikuwa amemfundisha kusoma herufi zile. Midomo yake ikazifuata moja moja, kisha ikatulia.

Ukumbi ukangoja.

"Haya mpenzi, usiogope," Mwalimu Dombrowski akamnong'oneza, na kipaza sauti kikalisambaza nong'ono lake kila pembe.

Liora akageuka, akatafuta katika vile vichwa vyote mpaka akamwona aliyemtaka.

"Bibi," akaita. "Wa mama ni upi?"

Watu wachache wakacheka kwa huruma, wakidhani mtoto kasahau zamu. Bwana Nasri hakucheka. Aliliweka sinia sakafuni, akamshika bibi kiwiko, akamwinua, akamsindikiza hadi kwenye ngazi.

"Kuna tatizo?" Mwalimu Dombrowski akauliza, bado anatabasamu, lakini tabasamu limeanza kuyumba.

Maneno yalikuwepo mdomoni mwa Bi Mindel, makali, yamejipanga. Kipaza sauti kilikuwa wazi, na mji mzima ungesikia. Lakini mtoto alikuwa amenyoosha mkono, anangoja jibu la swali lake, swali la kwanza tangu Machi. Bi Mindel akaitazama meza. Hakuuchukua ule wa katikati. Aliuchukua wa mwisho, akaufungua utepe, akauweka mbele peke yake.

"Huu," akasema.

Liora akauwasha. Hakusoma baraka. Alisema "Mama" tu, kama mtu anavyoita mlangoni kabla hajaingia.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Wengine walisimama, wengine walifuta machozi, maana waliona ni kitu kizuri, bibi na mjukuu na taa.

"Na ile minane?" Mwalimu akanong'ona.

"Iache, Mwalimu. Hiyo haijapata wenyewe."

Mwalimu Dombrowski akaitazama karatasi ya bilauri, akamtazama bibi, akairudia karatasi. Uso ukampauka. Alishusha kipaza sauti taratibu kama mtu anayeweka chini kitu kinachovunjika, na Anjali na Zayd wakasukumwa mbele na mtu mwingine kuimba wimbo wa kufunga.

Watu walipotawanyika, Bwana Purnell alikuja kuuzima. Liora akauzingira kwa viganja.

"Hauzimwi huu."

"Mwanangu, siwezi kuacha moto ndani ya jengo. Sheria."

"Basi usiuache. Twende nao."

Mzee akamtazama bibi. Bi Mindel akatikisa kichwa kukubali. Bwana Purnell akashusha pumzi, akauzika mshumaa nusu kwenye ndoo ya mchanga, akafungua koti lake kuukinga na upepo, wakatoka.

"Miaka yote hii nilidhani kazi yako ni kuzima," Bwana Nasri akamwambia.

"Funga domo ushike mlango."

Wakapita barabara kuu hivyo hivyo, mtu wa zimamoto akiubeba moto kifuani kama mtoto mchanga, kupita maduka yenye taa, mpaka kwenye ngazi zao. Njiani aliuliza kimoja tu, jina la marehemu lilitamkwaje, akalirudia mara mbili mpaka akalipata.

Ijumaa Liora hakwenda shule. Alikaa kwenye kigoda mbele ya jiko, mshumaa juu ya jiko, upande usiowashwa. Alikula hapo, akachora hapo. Alasiri mlango ukagongwa. Alikuwa Mwalimu Dombrowski, macho mekundu, theluji mabegani.

"Bi Mindel, sijui hata nianzie wapi. Niliona chini wameandika kwa Kiingereza 'kumbukumbu'. Nikasema si ndiyo, sikukuu ya kukumbuka ule muujiza? Naapa nilidhani..."

"Ingia, utaganda."

Akaingia, akasimama kando ya mlango na koti lake.

"Mwalimu mkuu ameamua," akasema. "Mwakani hakuna Hanuka, hakuna Idi, hakuna Divali wala Krismasi. Watoto watakata theluji za karatasi na kuimba nyimbo za theluji. Anasema hiyo ndiyo haki, hakuna atakayekosewa."

"Na mti?"

"Mti utabaki. Ule ni wa Urafi..." Akajisikia mwenyewe, akafumba mdomo.

Bi Mindel akaweka birika la chai. Mikono yake ilitaka kazi.

"Naomi alikuja darasani kwako miaka mingapi?"

"Tangu Liora yuko chekechea. Kila mwaka."

"Hukuwahi kumwuliza mishumaa hii inanunuliwaje, inaitwaje?"

"Hapana." Mwalimu alilia bila sauti. "Kwa nini niulize? Alikuwa anakuja nayo. Nilidhani atakuja tu siku zote." Kisha, kwa sauti ndogo, "Nilikupigia."

"Nilisikia."

Wakatazamana wanawake wawili, na kila mmoja akaliona kosa la mwenzake na lake, wala hapakuwa na la kuhukumu.

"Mimi nilimzaa," akasema Bi Mindel, "na kuna kitu alikuwa akitia kwenye viazi vile, vinakauka nje, ndani laini. Sikijui. Nilikuwa hodari wa kumcheka. Sikumwuliza."

Liora aligeuka kwenye kigoda.

"Mwalimu, wale watu walijua mshumaa ni wa mama?"

"Hapana, mpenzi. Hawakujua."

"Lakini walifurahi?"

Akajibu bibi. "Walifurahi sana. Walisimama."

Mtoto akafikiri.

"Basi msiwaambie," akasema, akarudi kuutazama moto wake.

Haukuwa umebaki muda. Utambi ulikuwa umelala katika nta ya mwisho, mwali umekuwa wa buluu, mdogo kama ukucha. Bi Mindel akazima gesi chini ya birika, akavuta kiti, akaketi nyuma ya mjukuu wake. Hakumshika. Alijua akimshika, yeye ndiye atakayevunjika kwanza. Mwalimu Dombrowski alibaki pale mlangoni, hajui akae au aondoke, theluji ikimyeyukia mabegani. Mwali uliinuka kidogo, ukatafuta, ukakosa. Moshi mwembamba ukapanda moja kwa moja juu, na wote watatu wakaufuata kwa macho mpaka hapakuwa na cha kufuata.

"Bibi," akasema Liora, "umeisha."

"Ndiyo, mama. Umeisha."

Ndipo mtoto akalia, kwa sauti, mdomo wazi, kama hakuwahi kulia tangu Machi. Na kweli hakuwahi.